Nyantende, kwa Ajili ya Mtamba Mmoja

Nilifunga safari ya kwenda Nyantende kwa sababu ya ng'ombe aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Watu wa mtaani kwetu walioniona nikitoka na begi la shule walidhani naenda kutafuta mihogo, na katika mwaka wa tatu wa rébellion, waasi wakiushika mji, hiyo ingekuwa sababu yenye akili zaidi. Kwa kuwa wengi bado wananiuliza nilifuata nini huko, nayaandika yote mara moja, kwa mpangilio, ili nisiendelee kuyasimulia mlangoni huku chakula changu kikipoa.

Chanzo ni kitabu. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika sekondari moja ya hapa Bukavu, na parokia ikipokea sanduku la vitabu kutoka Ulaya, huniita nivichambue. Mara ile sanduku lilikuwa na katekisimu ishirini za Kiholanzi, kitabu cha kufuma sweta, na kumbukumbu za utoto za mama mmoja Mbelgiji aliyekulia kwetu wakati wa ukoloni. Nitamwita Madamu. Baba yake alikuwa na nyumba mjini, kwenye rasi ya La Botte, na shamba la kenkina, ule mti wa dawa ya malaria, kule Nyantende. Katekisimu na sweta niliziacha parokiani, kitabu cha Madamu nikakibeba nyumbani.

Maman yangu hasomi Kifaransa, kwa hiyo nilimsomea Jumapili mchana baada ya misa, nikigeuza kwa Kiswahili kadiri nilivyosoma. Alifurahi sana. Alicheka Madamu alivyoogopa vyura, na alivyoamini kuwa ziwa Kivu lilichimbwa na babu yake. Nilipofika sura ya tano nikaisoma bila kuipitia kwanza, kosa ninalowakataza wanafunzi wangu kila mwaka. Madamu anaandika hivi: mpishi wao Joseph, ambaye baba wa Madamu alimwamini kuliko watu wote, aliiba mtamba wao, ng'ombe jike mzuri asiyezaa bado. Madamu mwenyewe alimwona kutoka dirishani, alfajiri, akimvuta kwa kamba. Joseph alikiri kila kitu bila aibu, akafungwa miezi sita. Alikuwa mtu mrefu, bila jino la mbele, na kovu la mafuta ya moto kwenye mkono wa kushoto.

"Huyu ni Papa," Maman akasema.

Babu yangu, Ntakwinja Yosefu, nilimjua kidogo tu, lakini kovu lile nimelishika. Sisi watoto wote wa Maman tulilelewa kwa jina lake. Ukigusa kipande cha sukari bila ruhusa uliambiwa kwamba Ntakwinja hakugusa kitu cha mtu hata siku moja. Maman hakulia. Aliuliza mwaka wa tukio, nikamtajia, akahesabu kwa vidole.

"Ile mwaka Papa alikuwaka ku Uvira," alisema. "Balimupeleka kujenga barabara. Six mois, miezi sita. Alirudia na ndagala."

Ndagala ni wale samaki wadogo wakavu wa ziwa Tanganyika. Fungu lile la ndagala nimelisikia tangu nilipoanza kusikia: jinsi alivyolifunga kwa majani ya mgomba, jinsi Maman, mtoto wa miaka saba, alivyolala nalo kifuani. Sasa alikuwa ameketi mbele yangu anafikiria kwamba ndagala wanauzwa pia sokoni Kadutu, hapa hapa Bukavu.

Wiki zilizofuata aliacha kuongoza rozari kwenye jumuiya yetu, akasema koo linamuuma. Picha ya babu ikatoka ukutani kwenda kufutwa vumbi na haikurudi. Ijumaa moja, mwanzoni mwa Septemba, akaniwekea chai mezani akabaki amesimama.

"Uende uangalie," alisema. "Bale batu ya kule banajua. Kama aliiba, uniambie tu vile aliiba. Nitajua namna ya kumuombea."

Kesho yake nikaenda.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, La Botte. Nilianza na nyumba ya mjini kwa kuwa kitabu nacho kinaanzia hapo, na kwa kuwa niliogopa kufika Nyantende mapema. Madamu anasema ngazi ya mawe ilishuka kutoka barazani hadi ziwani, vidato mia moja, na kwamba mtoto aliyejikwaa juu angeweza kujikuta Rwanda. Nyumba ipo. Rangi yake ya krimu ipo pia, chini ya rangi nyingine mbili, na ndani anaishi komanda mmoja. Sentinelle wake, mlinzi wa mlangoni, aliniruhusu nisimame kwenye ua wa jirani. Vidato ni ishirini na sita. Nilihesabu mara mbili, na mara ya pili sentinelle alihesabu nami kwa sauti, kisha akaniuliza ni nani aliyenituma.

"Maman yangu," nikamwambia.

Alionekana kuridhika. Pembeni mwa ukurasa nikaandika kwa kalamu ya risasi: gawanya kwa nne. Kuanzia pale nilitumia kanuni hiyo kwa kila kipimo cha Madamu, na safari nzima haikuniangusha. Kwa miguu ya mtoto kila kitu ni mara nne.

Saa moja na nusu, Nyawera. Nilipita sokoni kuuliza habari za njia. Siku hizi habari za njia huziulizi redioni, unawauliza wamama wabebaji wanaoshuka na mizigo, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Mmoja wao alikuwa ametua gunia la makaa akipumzisha shingo. Nilimwambia nakwenda Nyantende na kurudi leo leo.

"Njia iko muzuri mpaka saa nane," alisema. "Kisha saa nane, mi sijue njia ni ya nani."

Kisha akaangalia viatu vyangu vya darasani, akaangalia gunia lake, akaniomba nimsaidie kujitwika. Nilimsaidia, na mgongo wangu ulinikumbusha jambo hilo hadi kilima cha tatu.

Saa mbili na robo, bariera ya kutoka mjini, mbele kidogo ya Panzi. Kamba ilikuwa imevutwa kati ya gogo na pipa, na upande wa huku tulisimama kama kumi tukisubiri. Askari aliyekagua mizigo alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye kofia ya sufu. Alitoa kitabu begini akakifungua penye ramani. Madamu aliichora kwa mkono wake kutoka kichwani, barabara, madaraja na vilima vyote, na kwenye daraja moja aliweka alama ya X. Kwa bahati mbaya daraja lenyewe ndilo tulilosimama juu yake.

"Papa, hii nini?"

"Ni kitabu, chef," nikamjibu, kama tunavyowaita wakubwa wote.

"Nimeona kitabu. Naulizia hii karte. Nani alitia X ku barrière yetu?"

Nilimweleza kwamba hapo mwandishi, akiwa na miaka minane, alianguka kutoka mgongoni mwa punda. Maandishi madogo ya chini yanasema hivyo hivyo. Askari alisoma polepole, midomo ikitembea. Nilimsahihisha matamshi mara moja, halafu nikaona mkono wake ulipo, nikaacha.

"Na weye, hii kitabu inakuhusu nini?"

Ningeweza kusema ni ya shule. Sijui kwa nini nilimweleza ukweli, labda kwa sababu tangu Jumapili ile sikuwa nimemweleza mtu yeyote. Nilimsimulia mpishi, mtamba na Maman. Watu waliokuwa nyuma yangu wakasogea kusikia. Nilipomaliza askari aliichana ramani taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Karte ni ya jeshi," alisema. "Kitabu uende nayo. Ukirudia, upite hapa uniambie kama aliiba."

Njiani. Madamu anasema kutoka mjini kwenda shambani ilikuwa safari ya kutwa, yeye akibebwa kwenye machela na wanaume wanne, na kwamba walisimama katikati ya msitu mkubwa kula mkate na jamu. Msitu ulikuwa safu ya mikalitusi. Imebaki miwili. Korongo ambamo machela ilikaribia kutumbukia nililiruka bila kuhamishia begi mkono mwingine. Hivi ndivyo nilivyojifurahisha, kwa sababu vitu vingine vya njiani havikuwa katika kitabu. Lori lililoungua lilikuwa limelala ubavu na kuku wanataga ndani yake. Mashamba ya mihogo yalikuwa yameng'olewa kabla ya wakati, mihogo ikiwa bado vidole, kwani mwenye shamba huona afadhali ale kidogo yeye kuliko wapiganaji wa msituni waje kula kikubwa. Na familia zilikuja upande wangu, zikitoka vilima vya juu, baba na godoro, mama na sufuria, bibi akiongozwa na mbuzi. Tulisalimiana kwa heshima zote. Niliogopa kutoka daraja lile hadi kanisani Nyantende, na sikuuimba wimbo ninaouimba nikitembea peke yangu.

Saa nne na nusu, Nyantende. Madarasa ya shule yalikuwa yamejaa watu waliokimbia, na nguo zilianikwa juu ya bustani ya maua ya parokia. Sikuwa tena na ramani, nikauliza nyumba ya mzungu wa kenkina. Nilitegemea watu wakune kichwa. Badala yake watu wanne wakanyosha mkono pamoja, upande uleule.

Nilipanda nusu saa. Kenkina zilikwisha zamani, mkubwa mmoja alilichukua shamba baada ya wazungu kuondoka, akakata miti, naye akaondoka. Kilima chote kimelimwa, maharagwe hapa, mtama pale, migomba kwenye bonde, hadi kingo za njia zimepandwa viazi vitamu. Isipokuwa mahali pamoja. Juu, palipo tambarare, kulikuwa na kipande kama uwanja wa mpira na nusu, nyasi zimefika kiunoni, hakuna jembe lililogusa. Katikati vilibaki vidato vitatu vya saruji. Kitabuni ni kumi na mbili.

Nilivipanda. Sauti ikatoka chini yangu.

"Sogea kidogo, Papa. Pale njo ilikuwaka salon, mahali ya kupokelea wageni."

Mwenye sauti alikuwa mama wa miaka sitini hivi, ameketi kwenye ukingo wa shamba lake akimenya mihogo, kisu chake kikienda bila kuangaliwa. Anaitwa Maman Cibalonza, na baba yake ndiye aliyekuwa chef, mkuu wa kilima kile, enzi za Wabelgiji. Nilimsalimia, nikakaa, nikamfungulia penye picha ya watoto wawili mbele ya baraza, mmoja mweupe na mmoja mweusi, yenye maneno: mimi na Fifi.

"Huyu njo ule alikuwaka anaogopa vyura," alisema, akigusa mtoto mweupe. "Na huyu ni mimi. Fifi ni nani?"

"Ni weye, maman. Aliandika vile."

"Hakuna mutu alisha kuniita Fifi." Aliitazama picha kwa muda mrefu, akafuta kidole kwenye kikwembe alichojifunga akaigusa tena. "Iko muzima?"

Nilimwambia yuko mzima, anaishi Ubelgiji. Halafu nikamsomea sura ya tano. Nilikuwa nimetembea asubuhi nzima nikihesabu vidato, na sasa hapakuwa na kitu kingine cha kuhesabu. Nilipofika kwenye neno "aliiba", kisu kikasimama.

"Aliiba? Ile ngombe ilifika kwetu na mashahidi munane. Mi nilikuwa pale, nilishika kamba."

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasomaji wa mbali, wa kwetu wavumilie. Katika Bushi, nchi yetu hii, wakati ule mtu hakupata ardhi kwa karatasi peke yake. Alitoa kalinzi: ng'ombe kwa mwenye kilima, mbele ya mashahidi, na tangu siku hiyo mahali pakawa pake na pa watoto wake. Asiyetoa kalinzi alikuwa mgeni anayelala, hata akijenga kwa saruji. Mimi jambo hili ninalijua tangu utotoni, kama ninavyolijua jina langu, na bado halikunijia kichwani hata mara moja. Nilikuwa nimesoma sura ya tano kwa Kifaransa.

"Ule muzungu alimaliza miaka tatu hapa bila kalinzi," Maman Cibalonza alisema. "Alikuwa na karatasi ya l'État, ya serikali. Papa yangu akikutana na Yosefu ku njia, anamuuliza: muzungu yako atanileteaka ngombe siku gani? Yosefu anasikia haya. Kupikia mutu mwenye haiko na mahali! Batu balikuwa banamucheka mbele ya kanisa."

"Juu ya nini Yosefu hakuleta ngombe yake mwenyewe?"

Aliniangalia jinsi ninavyomwangalia mwanafunzi wa mwaka wa sita asiyejua kitenzi.

"Ukitoa ngombe yako, kilima itakuwa ya nani?"

"Yangu."

"Njo vile. Angemuibia muzungu kilima muzima. Yosefu alikuwa mutu wa kweli. Alichukua ngombe mu zizi ya muzungu mwenyewe, kwa jina ya muzungu mwenyewe. Na alimuambia. Ile asubui alimuambia: bwana, mtamba yako iko kwa chef, sasa uko na mahali."

Kitabu kinasema: alikiri kila kitu bila aibu.

"Na Papa yangu alishukuru," aliendelea. "Dimanche tulipanda na kasiksi, mitungi ine, na ngoma. Tulicheza pale, mbele ya salon."

Nikafungua sura ya sita. Nilikuwa nimeisoma peke yangu, Maman hakutaka kusikia zaidi. Madamu anaandika kwamba Jumapili baada ya wizi, watu wa kilima, wakiwa wamesikia msiba uliowapata, walikuja wenyewe kuwafariji kwa pombe ya ndizi na ngoma. Baba yake aliguswa hadi machozi, akawagawia chumvi. Nilimgeuzia Maman Cibalonza neno kwa neno.

"Chumvi, ndiyo," alisema. "Ilikuwa kidogo."

Akaanza tena kumenya huku akisimulia. Siku ile walimtafuta Yosefu awatafsirie, wakaambiwa ameshuka Bukavu. Hawakujua ameshuka na pingu. Baba yake Maman Cibalonza alipojua alikwenda kwa msimamizi wa Wabelgiji kusema ng'ombe alipokelewa kwa desturi, akajibiwa kwamba mambo ya kilima yabaki kilimani. Yosefu alipotoka gerezani alipita mara moja tu kuwaaga.

"Aliomba Papa yangu ndagala," alisema. "Kwetu balikuwa bametuletea kutoka Uvira. Alisema iko na mutoto moja mwanamuke, hawezi kurudia kwake mikono mutupu."

Nilijifanya natafuta kalamu begini, na Maman Cibalonza akanipa nafasi ya kuitafuta.

Nilipoipata niliuliza kwa nini uwanja ule haulimwi, na watu wote wale kanisani hawana pa kuweka mbegu.

"Iko na mwenyewe," alijibu. "Kalinzi ilitoka. Hata mukubwa wa kenkina hakulima hapa, tulimukataza. Hapa panamungojea ule muzungu ao batoto yake."

"Miaka yote hii?"

"Hakusema kama harudii." Alisimama, akakung'uta maganda. "Njo namna umefika muzuri. Pale kanisani kuko bamama kumi na moja banaomba pa kupanda, mvula iko karibu. Mi siwezi kubapatia kitu ya mutu. Mwenye anaweza kufungula ni mwenyewe, ao ule alileta ngombe, ao mutoto yake. Useme."

Nilifungua kinywa niseme walime tu. Akanyanyua kisu.

"Weye uko mujukuu. Mutoto yake iko muzima?"

"Iko muzima."

"Basi ni yee. Umuambie anijibu mbele ya mvula."

Saa saba kamili, kurudi. Alinipa mihogo iliyomenywa, imefungwa kwenye majani ya mgomba, na sikukumbuka kilima wala lori wala saa nane ya mama wa makaa. Nilitembea nikipanga jinsi ya kumwambia Maman. Mwaka ule alimngojea baba yake nusu mwaka bila habari, na gereza liko nusu saa kwa miguu kutoka nyumba waliyoishi. Hilo nalo ilibidi nimwambie.

Saa tisa kasoro robo, bariera. Askari mwenye kofia ya sufu alinitambua kwa mbali, akawapitisha wengine haraka. Aliketi juu ya gogo.

"Basi? Aliiba?"

Nikamsimulia yote, kalinzi, mashahidi, chumvi. Alisikiliza akila mhogo wangu mmoja. Alipomaliza kutafuna alitikisa kichwa.

"Aliiba," alisema. "Kuchukua kitu ya chef bila kuomba chef ruhusa ni kuiba. Hata kama umechukua kwa ajili ya chef."

Nilimwambia kwetu mambo hayako hivyo. Akasema hata kwao hayako hivyo, lakini jeshini yako hivyo. Kisha, akiona uso wangu, akaongeza kwamba yeye pia angempenda mpishi wa namna hiyo. Nilimuulizia ramani. Wakati wa baridi ya asubuhi walikuwa wamekosa karatasi ya kuzungushia tumbaku. Barabara, madaraja na vilima vilikuwa vimekwisha kuvutwa. Alinirudishia kona iliyobaki, yenye ziwa.

Saa kumi na moja, nyumbani. Maman alikuwa mlangoni na viatu vya misa miguuni, siku ya Jumamosi. Nilimsimulia nikiwa nimesimama, kwa mpangilio huuhuu, na sikuficha gereza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Six mois," alisema. "Si ulisema kila kitu ya ule mwanamuke tugawanye kwa nne?"

"Hii hapana, Maman. Hii hakupima yeye."

Alikaa. Aliuliza gereza ni lile lile la sasa, nikasema ndiyo. Alisema siku zile mama yake alikuwa akimtuma sokoni kwa njia inayopita pale, na kwamba alikuwa akipita anaimba. Hapo ndipo alipolia, kwa muda mfupi, kisha akafuta uso kwa mkono.

"Na ndagala?"

"Ya Uvira kweli. Chef wa kilima njo alimupatia."

Aliingia chumbani, nikasikia droo. Aliporudi alipachika picha ya babu kwenye msumari wake, akainyosha, ikapinda tena, kama ilivyokuwa siku zote.

"Balime," alisema. "Uwaambie mutoto ya Yosefu amesema balime. Ila ule Madamu aandikiwe. Asifike siku moja akakuta maharagi mu salon."

Jumatatu asubuhi ujumbe ulipanda kutoka Nyawera na mama wa makaa, na mvua ilinyesha Alhamisi. Barua kwa Madamu niliiandika mwenyewe, ukurasa mmoja. Nilimweleza kwamba mtamba hakuibwa, kwamba Fifi anaitwa Cibalonza, na kwamba mahali pa nyumba yao pametunzwa na sasa pamelimwa kwa ruhusa. Posta haifanyi kazi, kwa hiyo barua ipo ndani ya kitabu chake, kati ya sura ya tano na ya sita, pamoja na kona ya ramani.

Mkiniuliza nilijifunza nini, nitajibu kama mwalimu. Nilitegemea kukuta uongo katika kitabu kile na sikuukuta. Madamu aliona mtu anavuta ng'ombe, na kweli alikuwa anavuta ng'ombe. Aliona watu wanacheza, na kweli walicheza. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba sura hizo mbili ni moja, na mimi niliyezaliwa na watu wa sura hizo nilihitaji kutembea kutwa ili niambiwe. Kuhusu neno la askari bado sijapata jibu, na babu hayupo wa kumuuliza.

Karibu na Noeli mama wa makaa alitua mbele ya mlango wetu kikapu cha maharagwe mapya, mekundu, kutoka kwa wamama kumi na moja. Maman aliyapika yote kwa mara moja na kuita jumuiya nzima baada ya rozari, ambayo aliiongoza yeye. Watu walikula, wakasifu, na jirani mmoja akauliza maharagwe laini namna hii katika vita hii yametoka wapi.

"Ku Uvira," Maman akasema. "Papa njo ametuma."